Kitabu cha Topolojia na Sheria ya Nyuki

Tangu nikabidhi funguo za maktaba, ninyi vijana mliobaki pale hamjaacha kuniuliza swali lile lile. Akija msomaji anayetaka kujifundisha mwenyewe somo ambalo hata wewe hulijui, unamchagulia kitabu gani? Haya, kaeni. Nitajibu kwa njia ndefu, maana ya mkato nimeijaribu na haifiki. Vyeo na mishahara nitaviruka, havikuwa vingi kiasi cha kupotezea wino.

Maktaba yetu mnaijua, chumba kimoja ubavuni mwa ukumbi wa mtaa, nyuma ya Jogoo Road hapa Nairobi, jirani na mtaa wa Mbotela. Siku yangu ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilifika na viatu vipya na sauti ya kunong'ona niliyoifanyia mazoezi nyumbani, kwa sababu niliambiwa maktaba ni mahali pa kunong'ona. Nilikuta kwaya inapiga ngoma upande mmoja wa ukumbi na mabondia wanapiga mfuko wa mchanga upande wa pili. Bi Salome, aliyekuwa mkubwa wangu, akanitazama midomo ikicheza bila kusikia lolote. "Ongea kama mtu, Rispa!" akapaaza sauti. "Hapa ukinong'ona utakufa na kiu, na hakuna atakayejua uliomba chai."

Bi Salome ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kupika gundi ya unga isiyoliwa na mende, kufunika vitabu kwa karatasi ya kaki, na kupiga muhuri bila kuamsha waliolala kwenye gazeti. Tena alinifundisha kupima kitabu. "Usikifungue mwanzoni," alisema. "Mwanzoni kila mtu ana adabu. Kifungue katikati, uone anavyokusemesha akishachoka." Maneno hayo yalinifaa kwa vitabu, na yangenifaa kwa mume, ila nilikuwa nimeshaolewa.

Sasa, kabla ya topolojia lazima niwaambie habari za nyuki, la sivyo hamtaelewa kitu.

Kulikuwa na msomaji mmoja, fundi wa baiskeli, aliyeazima kitabu cha ufugaji wa nyuki. Kitabu kilisema mzinga uwekwe mahali penye kivuli na utulivu. Mtaani kwetu utulivu utautoa wapi? Akatafuta, akatafuta, akaona kitu pekee kilichokaa kimya wiki nzima ni ngoma kubwa ya kwaya, iliyopigwa Jumapili tu na iliyokuwa na tundu ubavuni. Nyuki wakaipenda. Jumapili, ibada ikiendelea humo ukumbini, mpiga ngoma akainua fimbo, akashusha pigo la kwanza la "Tumshangilie". Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, namshukuru Mungu. Pasta alitoka kwa dirisha.

Baada ya hapo kamati ya maktaba ikapitisha Sheria ya Nyuki: kitabu chochote kinachomfundisha mtu kufanya jambo, sharti jambo hilo lifanywe kwanza ukumbini, mbele ya kamati, ndipo kinunuliwe. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kisia, dereva wa lori aliyestaafu, mzee wa kanisa, mtu wa Maragoli mwenye shingo ngumu na moyo laini, ingawa moyo huo alikuwa akiuficha. Mtunza hazina alikuwa Mama Ndunge, Mkamba, fundi wa cherehani aliyeshonea nusu ya mtaa. Katibu, mimi. Tulizijaribu kazi, wacha mchezo! Kitabu cha huduma ya kwanza kilimwacha Mzee Kisia amefungwa bandeji mikono yote miwili na chai yake inapoa. Kitabu cha kuogelea tulikijaribu juu ya mabenchi mawili, Mzee akilala kwa tumbo na kupiga miguu hewani, mabondia wakimhesabia. Kitabu cha keki tulikijaribu mara nyingi, kwa kuwa kila mara kamati ilisema haijaridhika.

Katikati ya wazimu huo, mwishoni mwa miaka ya sabini, ndipo akaingia Mutiso.

Mutiso alikuwa karani katika kiwanda cha sabuni kule Industrial Area, na ungejua amefika kabla hujainua macho, maana alinukia kama nguo za Jumamosi. Alikuwa akisomea shahada ya hesabu kwa posta. Akaketi mbele ya meza yangu, akavua kofia, akaisokota.

"Mama Rispa, mitihani yote nimepita isipokuwa mmoja. Topolojia. Nimeanguka mara mbili."

"Pole, mwanangu. Utarudia."

"Ya tatu ndiyo ya mwisho. Nikianguka, wananifuta, na yote niliyopita inafutwa pamoja nami. Kuna shule kule kwetu Machakos wamenishikia nafasi ya kufundisha. Mke wangu na watoto wako huko. Wamechoka kunisubiri, na mimi nimechoka kuwa baba wa sikukuu."

Nikamuuliza hiyo topolojia ni mnyama gani. Akasema ni hesabu ya maumbo, ila unayachukulia kana kwamba yote ni ya mpira. Waweza kuvuta, kukunja, kubonyeza. Kukata na kubandika ndiyo marufuku. Unatafuta ni kitu gani kinabaki vile vile baada ya kuvurugwa kote huko. Nikamwambia huko kubaki vile vile baada ya kuvurugwa sisi wa Eastlands tunakujua bila kitabu. Hakucheka. Nikaona huyu mtu ana shida ya kweli.

Mwalimu hakuwa naye. Alikuwa na makaratasi yaliyokuja kwa posta, yanayosema "tazama kitabu" bila kusema kipi. Mtaa uliruhusiwa kuagiza kitabu kimoja cha ombi maalumu kwa mwaka. Kimoja tu. Nikapanda mjini kwa muuza vitabu niliyemfahamu, akanipa vitatu vya kutazama, nichague na kurudisha viwili: kikubwa chekundu, chembamba cha kijani, na kimoja cha picha chenye jalada la manjano.

Nilivifungua katikati kama nilivyofundishwa. Sikuelewa hata mstari, lakini tabia ya kitabu huonekana hata usipojua lugha yake. Chekundu kilikuwa na mazoezi mwisho wa kila sura, na nyuma majibu ya baadhi, si yote, kama mama anayekukatia nyama ya kwanza kisha anakuachia kisu. Cha kijani hakikuwa na jibu hata moja. Cha manjano hakikuwa na mazoezi kabisa, kilikuwa kinajifurahia chenyewe. Kichwani nikamchagulia Mutiso chekundu. Lakini kichwa changu hakikuwa na kura tatu.

"Topolojia inafundisha mtu kufanya jambo?" Mzee Kisia akauliza kikaoni.

Mutiso, mkweli mjinga, akajibu, "Ndiyo, Mzee. Inafundisha kuthibitisha."

"Basi itathibitishwa hapa. Sheria ya Nyuki."

Nilitamani kumkanyaga mguu.

Jumamosi ya kwanza tukajaribu cha manjano. Kilisema ukichukua tyubu ya gurudumu, ukaitoboa tundu moja, unaweza kuigeuza yote ndani nje kupitia tundu hilo hilo. Mutiso alikuwa amenunua tyubu kuukuu soko la Kariokor, kwa wale wanaokata matairi kutengeneza viatu. Akaikata tundu, akaivuta, ikamponyoka, ikamchapa bondia mmoja sikioni. "Mathee, mbona kitabu chenu kinapiga kuliko mimi?" kijana akanilalamikia. Mama Ndunge akasonya. Akatwaa kitambaa cha mistari, akashona tyubu ya nguo, akaacha mpasuko, akaingiza mkono na kuivuta pole pole. Lo! Ikageuka. Na mistari iliyokuwa ikizunguka kwa urefu sasa ikawa inazunguka kwa ufupi, kama pete. Watu wakapiga makofi, kila mmoja akataka kuijaribu. Kamati nzima ikakipenda cha manjano papo hapo.

Mutiso akanivuta kando. "Kinaonyesha tu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hakisemi kwa nini. Kwenye mtihani hawataniuliza kama imegeuka, wataniuliza kwa nini. Nikisoma hiki nitaanguka nikicheka."

Jumamosi ya pili ilikuwa zamu ya cha kijani. Mzee Kisia akaamuru kisomwe kwa sauti na kutafsiriwa. Mutiso akaanza: "Ni rahisi kuona kwamba..."

"Rahisi kwa nani?" Mzee akamkata.

"Kwa... kwa mwandishi, Mzee."

"Endelea."

"Ni dhahiri kwamba..."

"Nani kasema?"

Lile "nani kasema" lilikuwa ugonjwa wake wa miaka mingi. Alilitumia kwa mahubiri, kwa bei ya mahindi, na wakati mwingine kwa "habari ya asubuhi". Cha kijani kilikuwa na "ni dhahiri" kila ukurasa, na penye ugumu hasa kiliandika "msomaji athibitishe mwenyewe". Mzee akakifunga. "Huyu mtu anataka kulipwa kwa kazi anayoniachia mimi," alisema. Kwa hilo nilimuunga mkono, na hata leo nawaambia: kitabu kinachosema "ni dhahiri" mara kwa mara kiacheni, kimeandikiwa mtu ambaye hakihitaji.

Basi Jumamosi ya tatu, chekundu. Kila mtu alikuwa bado anachezea tyubu ya Mama Ndunge. Nilijua tukishindwa siku hiyo, cha manjano kitanunuliwa na Mutiso atabaki kupima sabuni mpaka azeeke.

Katika kurasa za mwanzo chekundu kilitoa ahadi. Kilisema, chora mstari sakafuni, uuzungushe utakavyo, usijikate popote, na mwisho urudi ulipoanzia. Hata uwe umepindapinda vipi, utakuwa umeigawa sakafu pande mbili tu, ndani na nje. Kisha kikasema jambo hilo linaonekana rahisi lakini si rahisi, na uthibitisho wake utakuja katika sura ya mwisho, baada ya msomaji kukomaa.

Mutiso akachukua chaki, akachora. Alipita kati ya viti, akazunguka piano, akaingia pembeni na kutoka, akapinda nyuma ya mfuko wa mabondia, mpaka ukumbi ukawa kama matumbo ya ng'ombe. Akarudi alipoanzia, akaunganisha. Watu wote tulikuwa tumesimama humo humo katikati ya mistari.

"Sasa," akasema, "kila mtu yuko ndani au nje. Kujua, unakwenda moja kwa moja hadi ukutani ukihesabu mistari unayoivuka. Ikiwa witiri, yaani mmoja au mitatu, uko ndani. Ikiwa shufwa, yaani miwili au minne, uko nje."

Meza yangu ikahesabiwa ikawa ndani, sijui kwa sifa gani. Mama Ndunge, ndani. Bondia aliyechapwa sikioni, ndani. Mzee Kisia alikuwa amesimama karibu na dirisha, mikono nyuma, mistari imemzunguka kulia na kushoto, na uso wa mtu asiyekuwa na wasiwasi wa hukumu.

"Na mimi?" akauliza. "Mimi mwenyekiti, niko ndani au nje?"

Mutiso akaanza kuhesabu kwa macho. Nikaona bega lake linashuka. Nikamsogelea nikamwambia sikioni, "Sema ndani. Kwani atajua?" Kusema ukweli niliogopa. Kitabu chake, watoto wake kule Machakos, vyote vilining'inia kwa neno moja dogo. Hata kwaya ikaacha kukohoa.

"Mistari miwili, Mzee," Mutiso akasema. "Uko nje."

Salala!

"Wasee, Mzee ako nje!" bondia mmoja akaropoka, na mwenzake akamziba mdomo kwa glavu.

Mzee Kisia hakusogea. Miaka thelathini mzee wa kanisa, na sasa yuko nje mbele ya kwaya. "Nani kasema?" akauliza taratibu.

"Kitabu."

"Kitabu kimethibitisha?"

"Bado. Kinathibitisha sura ya mwisho."

"Cha manjano kinasemaje juu ya neno hili?"

Mutiso akatazama. "Kinasema ni dhahiri."

"Na kile cha kijani?"

"Kinasema msomaji athibitishe mwenyewe."

Mzee akavinyooshea kidole cha manjano na cha kijani. "Wawili wananitoa nje bila ushahidi. Huyu mwekundu angalau ameahidi kesi." Akavuta kiti, akakiweka pale pale aliposimama, akaketi. "Kinunuliwe hicho. Na kwa Sheria ya Nyuki, kila sura itajaribiwa hapa, mbele yangu, mpaka tufike ya mwisho. Mimi nitakaa hapa hapa nje nikingoja haki yangu."

Kwaya ikaanza mazoezi yake, ikafuta mstari wote kwa miguu. Kiti cha Mzee hakikuondoka.

Hivyo ndivyo topolojia ilivyoanza kufundishwa Eastlands, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Wanawake walikuja na sweta zao za kufuma, mabondia na vitambaa vyao vya jasho. Mutiso alisoma wiki nzima akitoka kiwandani, kisha Jumamosi akaja kushitakiwa. Alipoeleza kwamba kuna seti, yaani mafungu ya nukta, zilizo wazi na zilizofungwa, na nyingine ambazo si wazi wala hazikufungwa, Mama Ndunge alimtetea kwa nguvu. Alisema mlango wa kibanda chake umekatwa katikati, chini umefungwa na juu uko wazi, na hakuna askari aliyewahi kumuuliza ni upi. Mzee akataka mlango huo uletwe. Ukaletwa. Ulikaa ukumbini hadi Krismasi, na Mama Ndunge akaibiwa vifungo.

Siku nyingine Mutiso alitaka kulia. Alikuwa akitaja hatua, Mzee anauliza "nani kasema?", naye anarudi kurasa tatu nyuma kutafuta aliyesema. Wiki nzima kwa ukurasa mmoja! Nilimhurumia, nikamwambia Mzee apunguze. Mzee akanijibu, "Rispa, mimi sijui hesabu. Najua tu kwamba niko nje, na inaniuma. Acha aeleze."

Sura ya mwisho tuliifikia mtihani ukiwa mlangoni. Ukumbi ulijaa kama harusi. Mutiso akaandika ubaoni uthibitisho wote bila kutazama kitabu, upesi, mkono unaruka. Karibu na mwisho akasema, "Na kwa hiyo..."

"Nani kasema?"

Mutiso akafungua mdomo. Akageukia ubao. Akasimama hivyo mpaka kwaya ikaanza kunong'onezana. Kisha akaweka chaki chini. "Sijui," akasema. "Nimeikariri. Mara mbili zile nilianguka hapa hapa, nikadhani ni bahati mbaya." Akachukua kofia yake akatoka, na harufu ya sabuni ikabaki.

Mzee Kisia alibaki kitini, mzee mzima ameinamisha kichwa. "Nimemwua kijana wa watu," akaniambia. Mimi nilikuwa nimekasirika, nikamwekea chai kwa kishindo.

Jumatatu Mutiso akarudi, macho mekundu, hajanyoa. Hakupitia kwangu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kiti karibu na dirisha, na Mzee alikuwapo, kwani alikuwa hajui pengine pa kwenda. Mutiso akapiga goti, akachora sakafuni kipande kidogo cha mstari, akaeleza ile hatua kwa sauti ya chini. Sikusikia maneno. Nilisikia tu Mzee akiuliza swali lake, na Mutiso akijibu bila kusita. Mara ya pili akauliza, akajibiwa tena. Halafu Mzee akamwinua pale sakafuni.

Akafanya mtihani. Tukangoja miezi.

Mkiniuliza sasa cha kuchagua, nasema hivi: mpe msomaji kitabu kinachotimiza ahadi zake, chenye majibu ya nusu. Cha picha mwachie cha kupumzikia. Halafu mtafutie mtu asiyejua somo hilo hata kidogo, lakini ambaye jibu lake linamuuma. Huyo hayumo kwenye orodha ya muuza vitabu, na nilimpata kwa bahati.

Mutiso alirudi Jumamosi moja, Mzee yuko kwenye kiti chake cha nje, mimi nafunika vitabu. Akasimama kando ya meza yangu, akanishika bega. 

"Nimepita," akasema.

"Nani kasema?" Mzee akauliza kutoka dirishani.

Mutiso akainua karatasi ya matokeo juu ili aione. Mzee akavaa miwani, akaitazama kwa mbali. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaitazama tena.

"Hapo sina swali," alisema.

Kisha akainuka kuja kumpa mkono. Sakafu ilikuwa imepigwa deki mara nyingi tangu siku ile ya chaki. Alipofika usawa wa piano, pale ulipopita mstari wa siku ile, akainua mguu juu, akavuka. Akatembea kidogo, akainua tena, akavuka. Karibu na meza yangu akainua mara ya tatu, akishika suruali yake isiguse, akaweka mguu chini, akaingia ndani.